Deni la Mwalimu kwa Kijana Aulizaye

Mzee mmoja wa Bonga, kata iliyo kusini mwa mji wa Babati kandokando ya barabara iendayo Kondoa, alitujia na swali ambalo tangu siku ile halikutuacha. Mwanawe anasoma uhandisi katika chuo kikuu. Kwa ajili ya masomo hayo wamekwisha kuuzwa ng’ombe wanne, na mbaazi za misimu mitatu hazikukaa nyumbani, zilipita tu zikienda sokoni. Sasa kijana yumo katika mwaka wa nne, na badala ya kutaja kazi atakayoitafuta, amewaandikia wazazi wake kwamba yuko mwalimu mmoja aliyemshauri aendelee na utafiti. “Wanangu,” akasema mzee, “mimi nimetoa ng’ombe ili afundishwe. Amefundishwa. Huyu mwalimu amtakia nini tena mwanangu? Ampa kitu, au ataka kumtumia?”

Hatukumjibu siku ile. Ingekuwa rahisi kuusifu utafiti kwa maneno makubwa, kama ilivyo desturi ya watu wa mjini wazungumzapo na mkulima; lakini mtu aliyeuza ng’ombe wanne hastahili maneno makubwa, astahili jibu. Tena swali lake si dogo. Latuuliza hivi: mwenye elimu ana wajibu gani kwa yule aanzaye? Kile ampacho kijana kupita somo alilolipwa mshahara alifundishe, je, ni hisani ya kutolewa akipenda na kunyimwa akichoka, au ni deni?

Sisi twaona kwamba ni deni. Lakini yatupasa kwanza kuonyesha ni deni la kitu gani, maana watu wengi hudhani kwamba malezi ya mwalimu wa chuo kikuu kwa mwanafunzi wake ni upole tu, na ushauri mzuri, na tabasamu mlangoni mwa ofisi. Hayo yote ni mema, na bado mtu aweza kuyapata kwa shangazi yake bila kulipa ada.

Tuitazame kazi yenyewe. Katika miaka minne ya uhandisi kijana hujifunza majibu: boriti ya unene gani yatosha kubeba ghorofa, bomba la upana gani lapeleka maji kijiji cha watu elfu mbili, kalvati la ukubwa gani lahimili mvua ya masika. Majibu hayo yako vitabuni. Mwalimu hulijua jibu kabla ya kuliuliza swali, na mwanafunzi huulizwa ili ionekane kama naye amelijua. Utafiti ni kinyume. Humo mwalimu na mwanafunzi husimama wote wawili mbele ya mlango uliofungwa, wala hakuna mmoja wao mwenye ufunguo. Basi, mwalimu aweza kumpa nini mwanafunzi mahali ambapo yeye mwenyewe hajui?

Barua ya kijana wa Bonga, ambayo mzee alituonyesha, yaanza kutujibu. Katika njia ya kwenda mashambani kwao liko kalvati lililojengwa kwa vipimo vya vitabuni. Kila masika hujaa mchanga, maji yakapanda juu yake na kuikata njia. Kijana aliuliza darasani: hesabu tulizofundishwa zapima maji; ni nani apimaye mchanga uletwao na maji? Mwalimu akamwambia kwamba viko vitabu vinavyousema mchanga wa mito ya nchi nyingine, lakini mchanga wa vilima vya kwao yeye hakuujua. Kisha akasema, “Likizo ukienda nyumbani, upime. Nitakuazima vyombo.” Maneno hayo mafupi ndiyo yaliyomgeuza kijana.

Nchi yetu ina kisa kinachoonyesha uzito wa maneno ya namna hiyo kuliko kingine chochote tukijuacho. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba huko Tanga, wavulana walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo na wenyewe walikuwa wengi. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alimwona mwenzake akiingiza maziwa yake bila kuyachemsha; akahofu kukosa nafasi, akayaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Mpemba alimwuliza mwalimu wa fizikia sababu yake, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Hakuliacha. Akaja kusikia kwa rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga kwamba hata wauzaji hutia mchanganyiko wa moto ili ugande upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akaliuliza tena darasani walipokuwa wakifundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Safari hii mwalimu hakuishia kukana, bali alimdhihaki: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wanafunzi wakalipenda neno hilo. Tangu hapo kila alipokosea hesabu waliiita hesabu ya Mpemba.

Tutue hapa kidogo, maana wengi wetu tumekwisha kukaa katika darasa kama lile, ama kwenye dawati la aliyechekwa ama kwenye madawati ya waliocheka. Yule mwalimu hakuwa mtu mbaya, na kwa kadiri ya kitabu alichokishika alikuwa na haki: kitu cha moto hakina budi kwanza kufikia joto la kile cha baridi, ndipo kiendelee mbele, kitawezaje basi kukitangulia? Kosa lake lilikuwa kutumia elimu yake kumnyamazisha aliyeona kitu kwa macho yake mwenyewe. Kijana alileta ushuhuda, yeye akampa hukumu. Jokofu lilikuwako, maji yalikuwako, na kupima kungewagharimu alasiri moja tu.

Ndipo alipofika Mkwawa Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, kutoa mhadhara. Wanafunzi wakaambiwa waulize. Mpemba akasimama: ukichukua maji ya kiasi kimoja katika vyombo viwili, moja yakiwa na nyuzijoto 35 na mengine 100, ukayaweka katika jokofu, yale yaliyoanza na 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake waliona haya, wakidhani ameitia aibu shule mbele ya mgeni. Osborne naye alitabasamu kwanza, kisha akataka swali lirudiwe, akamwuliza kama amelijaribu mwenyewe. Kijana akasema ndiyo. Mgeni akakiri kwamba hajui sababu, akaahidi kulijaribu jambo hilo atakaporudi Dar es Salaam.

Ahadi za wageni wa heshima tunazijua. Hii ilitimizwa. Osborne alimwagiza kijana mmoja, fundi wa maabara, apime. Fundi akarudi na habari iliyobaki kuwa kichekesho cha wanasayansi hata leo: ni kweli kwamba maji yaliyoanza moto yaliganda kwanza, ila wangeendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi! Wakarudia, na jibu likabaki lile lile. Mwaka 1969 makala ikatokea katika jarida la Physics Education la Uingereza, nayo ilikuwa na majina mawili. La kwanza lilikuwa la Mpemba, la pili la Osborne. Tangu hapo wataalamu wa dunia nzima huliita jambo hilo athari ya Mpemba.

Hapa lile swali letu lapata sehemu ya jibu. Osborne hakumpa Mpemba elimu ya kuganda kwa maji, maana yeye mwenyewe hakuwa nayo. Alimpa masikio yake, na kukiri kwake mbele ya darasa zima kwamba hajui, jambo ambalo kwa mtu wa cheo ni ghali kuliko fedha. Kisha akampa maabara, vyombo, na muda wa fundi. Mwisho akampa jina: jina lake mwenyewe kuwa dhamana, na jina la kijana mbele. Vitu hivyo vyote kijana asingeweza kujipatia hata angekuwa na akili za watu kumi. Mlango wa maabara haufunguki kwa akili, wafunguliwa na mtu aliye ndani.

Wala tusidhani kwamba deni hilo ni la kulipwa tu pale kijana anapokuwa amepata sawasawa. Sababu ya jambo lile haijakubaliwa hata sasa. Wako wasemao ni mvuke unaopotea katika maji ya moto, wako wasemao ni mzunguko wa maji ndani ya chombo, wako wasemao ni hewa iliyomo majini. Chama cha Kemia cha Uingereza kilipoitisha shindano la kulieleza mwaka 2012, maelezo zaidi ya 22,000 yaliletwa. Na mwaka 2016 wataalamu wawili wa huko huko walichapisha vipimo vyao wakisema kwamba athari hiyo hawakuiona. Haidhuru. Aristotle aliligusa jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na yawezekana wajukuu wetu watalibishania bado. Swali la kijana yule lilistahili kupimwa hata kama lingeonekana si kweli, na mwalimu amwambiaye mwanafunzi wake, “Tumepima, na hukupata,” amempa heshima kubwa kuliko amwambiaye, “Nyamaza.”

Hata hivyo hatutaki kukisimulia kisa hiki kama hadithi yenye mwisho mtamu tu. Makala ile ilipotoka Mpemba alikuwa Mweka, chini ya Kilimanjaro, katika chuo cha wanyamapori, na kazi ya maisha yake ikawa uhifadhi wa wanyama. Ni kazi ya heshima, na nchi yenye Tarangire na Manyara yajua thamani yake; wala hatuna haki ya kusema kwamba mtu amepotea kwa sababu tu hakwenda njia ambayo sisi tungempangia. Lakini twajiuliza. Makala moja haitoshi kumfanya mtu kuwa mtafiti. Baada ya swali la kwanza kupokewa lazima liwepo la pili, na la tatu, na mahali pa kukaa miaka mitano sita akiuliza chini ya jicho la mtu mmoja. Siku hizo mahali hapo palikuwa haba. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973 tu. Kabla yake kijana wa Tanganyika aliyetaka kuwa mhandisi ilimbidi kwenda Nairobi au ng’ambo. Kufunguliwa mlango ni jambo moja, na kuwa na chumba nyuma ya mlango ni jambo lingine.

Kwa hiyo tupande sasa kutoka Babati kwenda kaskazini, njia ya Arusha, tupinde Makuyuni hadi Karatu, tumtazame mtu aliyekipata chumba hicho. Dk. Askwar Hilonga ni mzaliwa wa kijiji cha Gongali, wilayani Karatu. Alikua akiyaona magonjwa yaletwayo na maji machafu, kama ayaonavyo kila mtoto wa vijiji vyetu. Akasomea uhandisi wa kemia mpaka shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hanyang nchini Korea Kusini. Katika makala kadhaa za kitaalamu zilizotoka huko, nyingi zikihusu silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga, jina la Hilonga hutangulia, na jina la mwalimu wake, Profesa Hee Taik Kim, huja mwishoni. Katikati yamo majina ya wenzake wa maabara, wakiwamo Watanzania wengine. Msomaji asiyezoea mambo hayo aweza kuyapita majina bila kuyatazama. Sisi twaona kwamba mfuatano huo ni habari kamili: mwanafunzi ametenda, wenzake wamesaidia, mwalimu amesimama nyuma kama ukuta.

Hilonga alirudi nyumbani, akawa mwalimu katika Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, Arusha, akatengeneza chujio liunganishalo mchanga wa kawaida na chembechembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali. Mahali pengine ni vijidudu; mahali pengine, kama katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa mikoani Arusha na Manyara, ni madini ya floraidi, yale yanayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia na kuipinda mifupa yanapozidi sana. Shirika la Afya Duniani lashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 2015 Hilonga alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Uvumbuzi wa Kihandisi, itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, akapewa pauni 25,000. Tuzo ile haikuwa fedha tu. Walioteuliwa walipewa kwanza miezi ya mafunzo na washauri wa kuwaongoza namna ya kuutoa uvumbuzi maabara na kuufikisha kwa watu. Yaani hata mtu mwenye uzamivu, ambaye yeye mwenyewe ni mwalimu, bado alihitaji wa kumshika mkono katika hatua asiyoijua. Na wanafunzi wake wa Tengeru sasa wanamtazama yeye.

Tumesema mema, sasa tuseme mabaya, maana mzee wa Bonga hakuuliza tu kama mwanawe atapewa kitu, aliuliza pia kama atatumiwa. Hofu yake si ya mtu asiyesoma. Aliye ndani ya vyuo aijua vizuri kuliko yeye.

Katika kiwanda cha mhunzi mtoto huanza kwa kuvuta mvukuto. Hajui chuma, hajui moto. Avuta tu, na jasho lamtoka. Hapana ubaya wowote katika hilo. Lakini mhunzi mwema humwita siku moja akamwambia, shika koleo. Na siku nyingine, piga nyundo. Hatimaye humwacha peke yake na kipande cha chuma, naye akakaa pembeni, mikono magotini, akijizuia asiseme. Mhunzi mbaya humwacha mtoto kwenye mvukuto mpaka ndevu zikaota, kwa kuwa majembe yatoka vizuri na soko ni zuri, mafunzo yana haja gani? Wako walimu wa namna hiyo. Mwanafunzi hupima, huchora, huhesabu, huandika usiku, kisha jina lake huonekana mwishoni kwa herufi ndogo katika shukrani, au halionekani kabisa. Tendo hilo wengine huliita desturi. Sisi hatulioni tofauti na la mtu avunaye shamba alilolilima mwingine, na haligeuki kuwa jema kwa sababu mvunaji ana joho.

Kuna na jaribu jingine, la siri zaidi, limpatalo hata mwalimu mwema. Huko London, mwaka 1812, kijana mjalidi wa vitabu, mtoto wa mhunzi, alihudhuria mihadhara ya Humphry Davy, mwanakemia aliyekuwa na sifa kubwa kuliko wote wa siku zake. Jina la kijana ni Michael Faraday. Aliyaandika aliyoyasikia, akayajalidi kwa mikono yake, akampelekea Davy. Mwaka 1813 Davy akamwajiri kuwa msaidizi wa maabara katika Taasisi ya Kifalme. Bila Davy, Faraday angebaki kushona vitabu vya watu wengine. Lakini mwaka 1823 Faraday alipopendekezwa kuingia katika Shirika la Kifalme la wanasayansi, ambalo Davy ndiye aliyekuwa rais wake, aliyempinga ni Davy mwenyewe. Faraday akachaguliwa hata hivyo, na mwaka 1831 akagundua namna ya kupata umeme kwa kusogeza sumaku karibu na waya, kanuni ile ile inayoendesha mitambo ya Kidatu na Mtera mpaka leo.

Davy ni mtu wa kuhurumiwa kuliko wa kulaumiwa. Mtu huweza kumwinua mwingine kwa moyo mweupe kabisa, mradi aliyeinuliwa abaki chini ya bega lake. Siku anapoanza kumpita ndipo ijulikanapo kama alikuwa analipa deni au alikuwa akijipamba. Kwa hiyo twasema kwamba malezi ya mtafiti hayakamiliki mpaka mwalimu amwache kijana awe na swali ambalo si la mwalimu, na labda jibu linalomkosoa mwalimu. Kwa nini tumeliita deni? Kwa sababu hakuna mwalimu aliyejifungulia mlango mwenyewe. Kila aliye ndani aliingizwa na mtu, na wengi wa waliowaingiza wamekwisha kufa, hawawezi kulipwa tena. Deni la namna hiyo halirudi nyuma. Hulipwa kwa anayekuja.

Mtu aweza kutupinga hapa. Madarasa yamejaa, mhadhiri ana karatasi za mitihani hadi darini, maabara ina mashine moja nayo yangoja kipuri. Wapi atapata saa za kumsikiliza kila kijana mwenye kalvati lake? Pingamizi hilo twalikubali nusu. Haiwezekani kuwalea wote kwa namna moja, na si kila mwenye shahada ya uhandisi atakiwa awe mtafiti. Nchi yahitaji wahandisi wa barabara na pampu kuliko wa makala. Kwa hao utaratibu upo. Tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa kuwaweka wahitimu kwa miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu, kabla hawajasajiliwa kuwa wahandisi kamili. Taifa lilitambua hapo kwamba kufaulu mtihani si kujua kazi. Upande wa utafiti mambo mengi yangali yategemea moyo wa mwalimu mmoja mmoja, na moyo ukitegemewa peke yake huchoka. Mkuu wa idara atakaye watafiti hana budi kuihesabu saa ya malezi kuwa saa ya kazi, aiandike, aipe nafasi, na ampandishe cheo mwalimu kwa wale aliowalea kama anavyompandisha kwa makala alizoandika. Nusu tusiyoikubali ni hii: Osborne alikuwa mgeni wa siku moja katika shule isiyokuwa yake, mwenye kazi nyingi Dar es Salaam. Alichotoa kwanza ni dakika chache za kusikiliza na ahadi moja.

Kijana naye ana sehemu yake. Faraday hakwenda mikono mitupu. Alipeleka kitabu alichokijalidi. Mpemba aliulizwa kama amejaribu, akaweza kusema ndiyo. Mwanafunzi amfuataye mwalimu akiomba “mada ya utafiti” kama aombaye maji ya kunywa, hajaanza. Tena avumilie kurekebishwa. Mwalimu amrudishiaye tasnifu imejaa wino mwekundu mara nne humpenda kuliko asainiye bila kusoma. Vipimo vitaharibika, mvua itachukua vyombo, na mwaka mzima waweza kuisha bila tarakimu moja ya kuaminika. Wahenga walikwisha kusema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mzee wa Bonga alirudi kwetu baada ya majuma mawili, kama tulivyoagana. Tulimwambia kwamba hatumjui mwalimu wa mwanawe, hivyo hatuwezi kumdhamini. Lakini aweza kumpima mwenyewe, kama anavyompima mtu anayekuja kumkodi shamba. Amwulize mwanawe mambo machache. Swali la utafiti ni la nani? Vyombo vya kupimia vitatoka wapi? Kazi ikichapishwa, jina gani litaandikwa kwanza? Nani atamwandikia barua ya kuomba ufadhili, na je, amekwisha kuwaandikia wengine kabla yake, nao wako wapi leo? Na asisahau kuuliza kama mwalimu huyo amewahi kusema mbele ya wanafunzi kwamba hajui.

“Hilo la mwisho alikwisha kulisema,” akajibu mzee. “Limo ndani ya barua.” Akaikunjua tena, akatuonyesha kwa kidole, ingawa tulikwisha kuisoma.

Kisha akauliza utafiti huo huchukua muda gani. Tukamwambia shahada ya pili ni yapata miaka miwili, na kwamba ufadhili ukipatikana huenda asilazimike kuuza tena. Huenda, tulisema, hatukuahidi. Akanyamaza kitambo. Akataka kujua mchanga wenyewe hupimwaje. Tukamweleza kwa kadiri tulivyoielewa barua: mvua inaponyesha kijana husimama penye kalvati na chupa, huteka maji yale mekundu kila baada ya dakika kadhaa, hupima na kimo chake kwa mti uliochorwa sentimita, na baadaye hukausha yaliyomo katika chupa na kuupima mchanga kwenye mizani.

“Na mvua ikinyesha usiku?”

Tukasema itambidi aamke.

“Hawezi kushika taa na chupa na mti peke yake,” akasema mzee. Akasimama, akatia barua mfukoni, akatuaga, akisema masika yakianza yeye mwenyewe atakuwa mshika taa.